Swali ya Tatu, Points Mbili

Lubumbashi, Annexe, tarehe 12 mwezi wa pili 2024

Gaëlle,

Weye mwizi. Nakuita vile mbele ya kukusalimia, juu nikikusalimia kwanza hasira itapoa, na hasira hii sitaki ipoe.

Sasa salamu. Huku tuko. Mvua inanyesha bila haya, barabara ya Annexe yote ilishakuwa matope, bantu ya moto, zile pikipiki, banakuacha ku kona na unatembea viatu mu mukono. Mahindi ilitoka muzuri, lakini nyani ya miguu mbili balifika ku shamba mbele yetu. Tantine yako Estelle angali anapika mu hoteli kule Karavia, anarudi magharibi na kiburi ya bantu anapikia. Bwana yake Adrien angali anabeba mizigo kwa Luano, ku kiwanja ya ndege. Njo yeye atapatia muntu ya ndege hii barua, mukono kwa mukono. Hapana kuniuliza juu ya nini sikukupigia simu. Sauti yangu haitaingia tena mu simu ya muntu. Soma, utaelewa.

Siku ya Mungu, kisha misa, nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Chancelvie akakuya, mutoto mwanamuke ya jirani, yule iko mu quatrième, na karatasi na simu ya mama yake.

"Kaku Clotilde, weye unajua Tshiluba. Balitupatia devoir ya ku nyumba. Nisaidie maneno."

"Leta."

Akafinya simu. Nikasikia mwanamuke analia. Nikasema mu roho: huyu analia muzuri, analia kama muntu alifundishwa na mama yake. Halafu nikasikia anaita Israël.

Muchi ya kutwanga ilianguka chini. Ilikuwa mimi.

Mimi, Gaëlle, siku ya kilio ya baba yako, mbele ya sanduku, nikimusemea kasala yake. Weye unajua kasala ni nini, hata kama diplôme ilikusahaulisha: tunaita mufu kwa majina ya bankambo yake, moja kwa moja, mpaka bamufungulie mulango kule anaenda. Sasa ile njo ilikuwa inatoka mu simu ya mama Chancelvie, katikati ya sombe na mainzi. Na ku karatasi baliandika maswali. Chancelvie akanisomea: "Swali ya tatu. Juu ya nini mwanamuke muzee anarudilia-rudilia maneno *muana wanyi*, mutoto yangu? Points mbili."

Points mbili.

Nikamuuliza, "Jina ya huyu muzee baliandika wapi?"

Akatafuta na kidole. "Baliandika Anonyme, Kaku. Tradition orale."

"Anonyme njo nani?"

"Njo muntu hana jina."

"Mi sina jina?"

Akacheka, alizani nachokoza. Kisha akaniangalia uso, akaacha.

Na chini kabisa, kwa herufi kidogo kama chawa: fiche ya somo ilitayarishwa na Professeur Gaëlle Ngalula, Kinshasa. Jina yako iko. Na ile Ngalula ni yangu, njo nilikupatia siku ulizaliwa, juu nilitaka muntu atabaki na jina yangu nikienda. Ulichukua jina yangu ukaweka chini ya kazi yako, na mi mwenyewe ukaniita Anonyme.

Mulikata pia. Mu simu inatoka kulia tu. Majina ya bankambo hakuna. Nani alishika makasi?

Hatuna mwizi mu familia hii. Nkambo yako alifanya kazi ku chemin de fer maisha yake yote na hakuleta hata msumari moja ku nyumba. Nijibu: nani ulimuomba?

Kaku yako,
Clotilde Ngalula. Soma jina muzuri.


Kinshasa, tarehe 3 Machi 2024

Kaku wangu mpendwa,

Moyo, Kaku, kama tunavyosalimiana kwa Tshiluba. Nakusalimu kwa heshima yote, pamoja na Tantine Estelle, Papa Adrien na majirani. Mimi ni mzima. Huku joto ni kali, na darasa langu limejaa mpaka wengine wanakaa dirishani. Nimehama tena chumba. Mwenye nyumba alitaka kumwingiza mdogo wake. Nashukuru Mungu kwa yote.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimeumia kwamba umeumia. Lakini neno mwizi, Kaku, si neno langu. Naomba nikueleze.

Hatuna vitabu. Vitabu vilivyopo vina kurasa zilizochanika na habari za theluji. Kila ninachofundisha nakitafuta kwenye internet usiku, nakipakua kwa mega ninazonunua mimi. Walimu wote tunafanya hivyo. Tulifundishwa kwamba mwalimu anaweza kutumia kipande kifupi cha kazi ya mtu kwa ajili ya mafundisho, bila kufanya biashara, mradi ataje jina la mwenyewe. Na nyimbo za asili, zile za mababu, huhesabiwa kuwa mali ya jamii nzima.

Video ile ya kilio iliwekwa mtandaoni na Tantine Estelle mwenyewe, mbele ya macho ya wote. Nilichukua dakika chache tu. Niliyakata majina ya mababu kwa sababu wanafunzi hawawezi kuyafuata. Nilitengeneza fiche, nikawagawia walimu wenzangu katika grupu yetu ya WhatsApp, kwa sababu tunasaidiana. Mmoja, bwana Gauthier, ana tovuti ya masomo ambayo shule nyingi za nchi zinaitumia. Aliiweka pale. Sikujua kwamba ingefika mpaka Annexe.

Wanafunzi waliipenda sana, Kaku. Walinyamaza kabisa.

Nasikitika tena kwamba sikufika kwenye kilio cha Papa. Ndege ilikuwa imejaa, kama nilivyokuambia.

Mjukuu wako akupendaye,
Gaëlle


Lubumbashi, tarehe 24 mwezi wa tatu

Gaëlle,

Tunakusalimia. Estelle anakusalimia na macho ya kuvimba, utasikia mbele. Mvua inaanza kuisha. Mi niko na kikohozi kidogo, ni moshi ya makala ya kupikia, hapana kuleta maneno.

Barua yako niliisoma na miwani ya Adrien. Kiswahili gani hii? Unaniandikia kama mupadri anasoma tangazo. "Huhesabiwa kuwa mali ya jamii nzima." Mi nilisoma tatu primaire kwa masoeur ya misheni, lakini najua kama muntu anasema murefu vile, iko na kitu nyuma ya mugongo.

Unasema sheria yenu inaruhusu, mradi ataje jina la mwenyewe. Weye njo uliandika, si mi. Sasa jina iko wapi? Hukujua jina yangu? Uliisahau njiani? Nilikuuliza juu ya Anonyme, ukanijibu juu ya mega.

Sikiliza na sheria yangu, haina karatasi. Mama yangu alinifundisha kasala nikiwa na ukubwa ya Chancelvie. Alinifundisha hivi: kasala iko na mwenyewe. Muntu akitaka umusemee mufu yake, anakuya na kuku mu mukono, anapiga magoti, anaomba. Ukikubali, unasema. Ukikataa, anarudi na kuku yake na hakuna ugomvi. Na ya mufu moja haiendi kwa mufu mwengine. Ile ya Israël ni nguo yake. Nilimushonea mi, kwa mwili yake.

Weye unaifungua asubuhi mu darasa, unaifungua tena kisha récréation. Kila mara unafungua, unamuita. Anageuka. Anasema: mama ananiita. Anarudi njia yote ile, na akifika anakuta batoto na bic ya kuandikia mu mukono.

Unataka baba yako atembee vile mpaka wakati gani?

Estelle nilimukalisha chini jana. Nilimwambia alifanya vibaya kuweka kilio ya kaka yake ku internet kama matangazo ya sabuni. Alisema aliweka juu ya familia ya mbali, juu yako weye pia, upate kuona. Nikamwambia afute mbele yangu. Alifuta. Hata ndani ya simu. Alilia, sikumubembeleza.

Sasa ni zamu yako. Ondoa. Kwako, kwa balimu benzako, kwa ule Gauthier. Kila mahali. Sauti yangu nataka ibaki mu kinywa yangu.

Chancelvie alirudishiwa karatasi. Ku swali ya tatu aliandika "ili kukaza wazo". Balimupatia point moja. Alikuya kuniuliza ile moja ingine ilipotelea wapi. Nikamwambia mwalimu yake mwenyewe hajui jibu. Na weye uliandika swali, weye pia haulijui.

Clotilde Ngalula


Lubumbashi, tarehe 21 mwezi wa ine

Gaëlle,

Pasaka ilipita. Tulikula bukari, ugali yetu, na kuku, na kiti ya Israël Estelle alisahau kama hayuko, akaiweka ku meza.

Adrien anasema ule muntu ya ndege alikupatia barua yangu weye mwenyewe. Basi mikono uko nayo. Andika.

Clotilde


Kinshasa, tarehe 12 Mei 2024

Kaku,

Moyo. Nisamehe kukaa kimya. Huku mvua iling'oa bati la madarasa mawili, tukafundisha asubuhi na jioni kwa zamu. Hilo ni kweli, ila si sababu.

Nilifuta kwangu siku ileile barua yako ilipofika. Walimu wenzangu pia walifuta, wengine kwa kunung'unika. Akabaki bwana Gauthier. Nilimwandikia, hakujibu. Nikaandika tena, akajibu kwa alama ya kidole gumba. Mwishowe nikampigia, nikiwa nimesimama kwenye veranda ya shule, watoto wakipita na mikate ya kukaanga.

"Madame," akasema, "fiche uliandika wewe. Uliandika Anonyme. Kitu cha Anonyme ni cha wote."

"Nilikosea. Ana jina."

"Walimu wanaipenda. Nikiiondoa niwaambie nini? Nani analalamika?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani? Kila wiki mtu ananipigia anadai kitu. Unamfahamu? Na yule marehemu ni nani wake?"

Nikasogea ukutani kuwapisha watoto. "Allô? Madame?"

Nikasema: "Aliyelia ni Kaku wangu, Clotilde Ngalula wa Lubumbashi. Marehemu ni mtoto wake, Israël. Ni baba yangu."

Kaku, tangu Papa alipofariki, mwezi wa tano mwaka jana, sikuwa nimelisema neno hilo kwa mtu hata mmoja hapa Kinshasa. Mkurugenzi hajui. Jirani hajui. Siku Tantine Estelle aliponipigia kunipa habari nilikuwa na chaki mkononi, nikarudi ndani nikamaliza somo.

Gauthier akasema, taratibu, "Condoléances, Madame." Ni mtu wa kwanza kunipa pole. Mtu nisiyejua hata sura yake. Jioni ile akaondoa yote.

Uliniuliza kwa nini Anonyme. Kama ningeandika jina lako, wangeona Ngalula juu na Ngalula chini, wangeuliza. Sikutaka waulize. Nilitaka wasikilize tu.

Huku hakuna aliyeniletea kiti cha plastiki, Kaku. Hakuna aliyelala kwenye mkeka sebuleni, wala aliyepika kwenye sufuria kubwa, wala aliyenikemea kwamba sijala. Nilikuwa naiangalia ile video peke yangu, usiku kwa usiku, na mtu hawezi kulia kilio peke yake, unakwama njiani. Basi nikaipeleka darasani. Nilipoifungua walinyamaza wote, hata wale wa dirishani. Walikaa nami. Mimi nilikuwa nimegeukia ubao, wakadhani naandika. Mvulana mmoja aliuliza, "Madame, huyu bibi analilia nani?" Nikamwambia, "Endelea na swali la nne."

Darasa linalofuata nikaifungua tena. Na linalofuata.

Kwa hiyo sasa imeondoka kila mahali kama ulivyoagiza. Imebaki moja, ndani ya simu yangu, ndefu, pamoja na majina yote. Kidole changu hakikubali kuifuta. Niambie nifanyeje.

Gaëlle


Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa sita

Ngalula,

Leo nakuita na jina yetu.

Baridi ilianza. Vumbi imekuya. Estelle alinunua blanketi, Adrien anasema ni yake. Chancelvie anajifunza examen hapa ku veranda yetu juu kwao courant ya umeme hakuna, na kwetu pia hakuna, lakini anasema kwetu kuna kimya. Kimya iko juu yangu. Nitakueleza.

Barua yako nilisoma, halafu nikaiweka chini ya kitambaa ya meza, halafu nikaitoa nikasoma tena. Sikukujibu mbio juu sikujua nikupige ao nikushike mukono. Ulifanya batoto ya bantu bakae ku kilio bila kuambiwa ni kilio. Ile ni vibaya. Muntu anayekaa ku kilio, banamuambia mufu ni nani, juu na yeye apate kusema pole. Ulibanyima nafasi ya kukupa pole. Ulijinyima na weye. Mwanamuke mujinga. Ungeniandikia neno moja tu, "Kaku, huku sina kilio", ningekuya na mukeka yangu ku kichwa mpaka Kinshasa.

Sasa nitakupatia jibu ya swali ya tatu, juu Chancelvie anataka point yake.

Siku ile sanduku ilikuwa wazi. Abbé, mupadri yetu, alikuwa anaangalia saa. Bale banaume ya kufunga balishasimama na nyundo, bananingoja mi, juu kwetu mama akisema jina ya mwisho, njo banafunga. Nilikuwa nimefika pale. Ilibaki nkambo moja tu. Lakini ulikuwa umesema uko njiani, na Adrien alikuwa kwa Luano anakungoja. Tulisikia ndege inapita juu ya nyumba. Bantu bote balitazama juu. Nikasema mu roho: ameshuka, anatafuta valize, anaingia mu gari, barabara iko mbaya, bamupatie wakati. Nikarudi nyuma. *Muana wanyi*. Nikarudi tena. *Muana wanyi, muana wanyi*. Abbé akakohoa. Bantu balisema mama ya watu uchungu unamuzidi. Uchungu ilikuwa, ndiyo. Lakini nilikuwa nakushikilia mulango na mguu.

Halafu Adrien akaingia. Peke. Akanitingishia kichwa pale ku mulango.

Njo nikasema jina ya mwisho, na bakafunga.

Jibu ni ile. Mwanamuke muzee anarudilia juu anangoja muntu. Points mbili.

Adrien aliniambia magharibi yake kama ndege ile ilikuya na viti mingi tupu. Sikumuuliza kitu. Weye pia sikuulizi. Hapana kuniandikia tena kama ilijaa.

Sasa neno ya kimya. Sauti yangu ilikwenda. Ilianza na kikohozi ile, kisha Pasaka ikakatika kama kamba. Munganga alinifungua kinywa na tochi, akasema Kifaransa murefu na Estelle, na Estelle hakunitafsiria, akaenda kununua machungwa. Hapana kumuuliza Estelle. Nasema chini-chini kama muntu ya kusengenya. Mi, mwenye nilikuwa naita mbuzi ya jirani ya tatu na anageuka.

Unaona: nilisema sauti ibaki mu kinywa yangu, mukafuta kila mahali, na kinywa nayo ikaiacha. Hapana kulia. Balifuta muzuri. Sijutii. Ile ilikuwa haiko na jina, na kitu bila jina ni heri ipotee.

Lakini mwezi wa munane tunaweka ciment na musalaba ku kaburi ya Israël. Siku ile inatakiwa aitwe mara ya mwisho, na majina yote, ile yenye ulikata. Estelle hajui. Estelle anajua kupika. Mi najua lakini sitasikika hata na muntu ya karibu.

Basi utafanya hivi.

Ile moja ya simu yako, hapana kufuta sasa. Usiisikilize juu ya kulia, ulishalia peke ya kutosha. Usikilize pumzi. Mbele ya kila jina navuta pumzi, na ile siwezi kukuandikia mu barua. Shika pumzi kwanza. Majina tutarudilia pamoja hapa, nikikuambia mu sikio. Siku ya musalaba weye njo utasema, kwa sauti, na mi nitakaa ku kiti kama muntu ya kufiwa. Kisha utafuta ile ya simu mbele yangu, juu itakuwa imepata kinywa ingine.

Mbele ya batoto bako kuenda vacances, likizo, ingia mu darasa. Andika ku ubao, herufi kubwa: Clotilde Ngalula, anamulilia mutoto yake Israël, baba ya mwalimu yenu. Yule kijana aliuliza, mujibu. Halafu nyamaza, bakupe pole. Ukubali. Sema asante.

Halafu ununue tiketi. Uende ku aéroport, uingie mu ndege, ukae ku kiti, ufunge mukaba, hata kama miguu inakataa. Adrien atakuwa kwa Luano. Upitie soko ununue kuku muzima. Ukifika, mbele ya kuvua viatu, mbele ya maji, upige magoti na uniombe kasala ya baba yako kama bantu banaomba. Nitakubali, lakini uniombe.

Hapana kuchelewa, Ngalula. Safari hii siko na sauti ya kurudilia. Ukuye.

Clotilde Ngalula